Bahari imeenda wapi? Maswali yenu kuhusu likizo ya ufukweni

Wapendwa, shule zinakaribia kufungwa na meseji zimeanza kumiminika, wengi wenu mnataka kwenda pwani na hamtaki tu kulala juu ya kitanda cha ufukweni mkarudi na picha za machweo. Mnataka kufanya kitu, kuona watu wanavyoishi, kuingia majini. Nimefurahi sana kwa kweli, na mwezi huu safu nzima nawapa nyie. Mie nimezaliwa upande wa mashariki wa Unguja kwa hiyo mtanivumilia nikielemea huko, ila nimegusa na kwingine.

Shikamoo dada. Sisi ni familia ya watu 5 kutoka Dodoma. Disemba iliyopita tulijibana tukalipia siku 3 Paje, picha kwenye intaneti zilionyesha bahari ya buluu mpaka mlangoni mwa hoteli. Tumefika saa nne asubuhi bahari haipo! Mchanga na majani tu mpaka mbali kabisa, watoto wakaanza kulia, mume wangu akasema tumetapeliwa. Tukashinda kwenye bwawa la hoteli siku zote. Mwaka huu tunataka kurudi ila naogopa, tuende wapi bahari isikimbie? – Mama Watatu, Dodoma

Marahaba mama Watatu, na pole sana. Hamkutapeliwa, ila hakuna aliyewaambia, na hilo ndo linaloniuma, maana mwenye hoteli anajua, dereva aliyewachukua bandarini anajua, hata mtoto wa darasa la pili wa pale Paje anajua maji yatapwa saa ngapi siku hiyo.

Ngoja nikueleze taratibu. Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, hilo unalijua. Lakini haijai na kupwa sawasawa kila siku. Mwezi ukiwa mpevu, ile usiku wa 14, 15, 16, na tena mwezi ukiandama mpya, ndo tunasema bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti ya juu na chini inafika karibu mita 4. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo, bahari inakuwa kama imetulia. Sasa upande wa mashariki kuanzia Matemwe, Kiwengwa, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, chini ni bapa na mwamba uko mbali, ndo maana maji yakipwa siku ya bamvua unaona kilomita nzima ya mchanga. Kule kaskazini Nungwi na Kendwa ufukwe unashuka haraka, kwa hiyo hata yakipwa bado utaogelea. Ukitaka jibu fupi la swali lako ni hilo, nenda Kendwa.

Ila mama yangu nakuomba usiende Kendwa kwanza. Rudi Paje au Jambiani, safari hii ukiwa na kalenda ya mwezi mkononi, nikuonyeshe ulichokikosa.

Siku za bamvua kwetu maji yanakuwa yamepwa kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi, na yanajaa kabisa kwenye saa kumi alasiri, halafu kila siku inayofuata yanasogea mbele kama dakika 50. Nyie mlifika saa nne, nahisi ilikuwa bamvua, mkaona jangwa. Mngesubiri mpaka saa tisa mngeikuta bahari mlangoni, ileile ya kwenye picha! Na ile saa nne mliyolia ndo saa ambayo wanawake wa kijiji kizima wako kazini.

Yale "majani" uliyoyaona ni mwani. Kilimo cha mwani kilianza huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 80, mwaka 1989 hivi, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Ukitembea kutoka ufukweni dakika 20 hivi, maji yakiwa ya kwenye vifundo, unakuta vijiti vimepigwa chini kwa mistari, kati ya kijiti na kijiti kuna kamba, na kwenye kamba vimefungwa vitawi vya mwani kimoja kimoja kwa vikamba vidogo. Mama amekaa chini ndani ya maji, dera limemlowa mpaka kifuani, kofia ya ukili juu ya mtandio, vidole vinafunga fundo bila hata kuangalia huku anapiga soga na jirani yake wa mstari wa pili. Baada ya wiki 6 hivi unavunwa, unaanikwa, unauzwa kwa kilo ukiwa mkavu, unakwenda nje kutengenezwa kitu cha kugandisha kinachotiwa mpaka kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Ile aina iliyokuwa na bei nzuri, kotoni, imekuwa ikifa kwa sababu maji yamepata joto, wamebaki zaidi na spinosi ambayo bei yake ni ndogo. Watoto wako watakumbuka hilo kuliko bwawa, amini maneno yangu. Kwa hiyo wanachofanya hawa akina mama kinafuata mwezi, si saa ya ukutani, siku za bamvua ndo siku zao za shamba.

Mkienda, vaeni viatu vya plastiki vilivyofunika kidole, maana kuna ile miba myeusi kwenye mawe na kuna samaki anayefanana na jiwe kabisa ambaye sumu yake si mchezo. Mtafute mwenyeji mwende naye, mpatane bei kabla, mwambie unataka mtu anayejua mwamba. Atawaonyesha shimo la pweza, kuna vijiwe vimepangwa mlangoni na maganda ya kaa aliowala, ukiona maganda mapya ujue mwenye nyumba yupo. Vijiji vingine wanafunga mwamba miezi kadhaa pweza wakue, kwa hiyo ukiambiwa huku hakuendwi usibishane.

La muhimu kuliko yote: maji yakianza kurudi na nyie mnarudi. Msisubiri mpaka myaone. Yanaanza kujaa kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, kati yenu na pwani, unashtukia pale ulipopita kwa vifundo sasa ni kiunoni na una mtoto wa miaka 6 mkononi. Akina mama wa mwani wakianza kufunga magunia yao, ondokeni nao.

Niaje sister. Niko Nairobi, nina siku 4 tu mwezi wa nane Zanzibar, nataka adventure za ukweli, kudaiva, kaiti, kila kitu. Plan yangu ni kufika, siku ya kwanza na pili nijifunze kaiti, ya tatu nilale, ya nne asubuhi nidaiv Mnemba halafu jioni nipande ndege. Inaweza? – Mzee wa Mawimbi, Nairobi

Poa kaka. Haiwezi, na hapo mwisho naomba unisikilize vizuri sana. Ukizamia na mtungi hupandi ndege siku hiyohiyo. Ukiwa chini hewa ile inaingiza naitrojeni mwilini, inahitaji muda itoke polepole, ukipanda juu mapema inatoka kama povu la soda ukiifungua, na povu hilo liko ndani ya damu na viungo vyako. Wazamiaji wanahesabu masaa 18 mpaka 24 kabla ya kuruka, na mie nakwambia shika 24. Kijana yeyote atakayekuuzia kuzamia asubuhi na anajua una ndege jioni, mkimbie.

Basi geuza ratiba yako, majini kwanza, nchi kavu mwisho. Kama hujawahi kuzamia, siku moja wanakufundisha kwenye maji mafupi halafu wanakushusha kidogo na mwalimu, hiyo inatosha. Mnemba ni kisiwa kidogo upande wa Matemwe, na mwezi wa nane ni kusi, upepo wa kutoka kusini unavuma kwelikweli, kuna siku bahari ya mashariki inachafuka mpaka boti hazitoki. Siku kama hiyo uliza miamba ya kuzamia ya upande wa Mji Mkongwe, kule Bawe na Pange kuna kinga.

Habari njema ni kwamba kusi hiyohiyo inayokuharibia kuzamia ndo inayokupa kaiti, ule mchezo wa kusimama juu ya ubao majini ukivutwa na tanga la upepo. Paje inavuma vizuri kuanzia Juni mpaka Septemba, na tena kaskazi ikiingia Disemba mpaka Februari hivi. Lakini kaiti siku 2 hujifunzi ukaiweza, utaweza kulishika tanga na kuburuzwa na maji, kusimama juu ya ubao ni bahati. Mie ningekuwa wewe na siku 4 ningechagua kimoja. Na kama unataka upepo, kuna kitu ambacho watu wa kaiti hawakuambii.

Panda ngalawa. Si boti ya injini iliyochongwa ifanane na dau, nasema ngalawa ya mvuvi, mtumbwi wa mti mmoja wenye mirengu miwili, ile miti ya kandoni inayouzuia usipinduke. Unakaa kwenye ubavu, maji yanapita sentimita chache chini ya mkono wako. Siku ya kusi tanga likishika upepo ule mtumbwi unalia, kamba zinakaza, mrengu wa upande mmoja unazama na ule mwingine unatoka majini kabisa na nahodha anakwambia "sogea joshini", maana yake uhamie upande upepo unakotokea uwe uzito. Na wakitaka kugeuza, mmoja anaikamata foromali, ule mti unaobeba tanga, na kulizungusha tanga zima mbele ya mlingoti, ni kazi ya sekunde kadhaa na hakuna neno linalosemwa. Babu yangu aliniambia baharia unamjua wakati wa kugeuza, na nimeangalia wengi tangu hapo, ni kweli. Vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama nahodha hana, ulitafute mwenyewe kabla ya kupanda.

Siku ya mwisho kabla ya ndege nenda Jozani ukawaone kima punju, hawa hawapo popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vyake vya karibu, halafu vuka barabara uingie kwenye daraja la mbao la mikoko. Kima wamezoea watu, watapita karibu nawe kabisa, usiwalishe na usiwaguse. Kutoka hapo Mji ni chini ya saa moja.

Assalam alaykum. Naandika kutoka Muscat. Marehemu bibi yangu alizaliwa Zanzibar na nyumbani bado tunazungumza Kiswahili, ila wanangu wa miaka 9 na 12 wanakijua cha kuombea maji tu. Nawaleta mwezi wa 7 inshallah. Hoteli ni ya ufukweni lakini sitaki warudi na ufukwe tu, nataka waone walikotoka. Nianzie wapi? – Mjukuu wa Bibi, Muscat

Waalaykum salaam dada yangu, karibu nyumbani. Barua yako nimeisoma mara 3.

Mwezi wa 7 umechagua vizuri kuliko unavyojua, maana ndo Mwaka Kogwa, Makunduchi. Ni mwaka mpya wa asili ya Kishirazi, Nairuzi, na watu wa kusini wanauadhimisha kwa namna yao. Tarehe ulizia mapema, isikupite. Wanaume wa kusini ya mji na wa kaskazini ya mji wanatandikana kwa mabua ya migomba katikati ya uwanja, kwa nguvu, wanatoa ya moyoni ya mwaka mzima, ikiisha imeisha. Wanawake wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote wanazunguka wakiimba, na maneno ya zile nyimbo mengine ni makali, dada, kwa hiyo usishangae mtoto akikuuliza maana yake. Halafu kuna kibanda cha makuti kinachomwa moto, mtu anakuwa ndani na anachomoka mbio, na moshi unaangaliwa unaelekea wapi. Baada ya hapo ni kula. Siku hiyo nyumba isiyokuwa na mgeni inaonekana ina mkosi, kwa hiyo ukialikwa ingia, vua viatu, kula, na usikimbilie kurudi hotelini. Nakwambia hivyo kwa sababu nimeona wageni wengi wanasimama pembeni ya uwanja na kamera saa nzima kisha wanapanda basi, na wenyeji wameshapika.

Mjini wapeleke Mji Mkongwe asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, na tembeeni kwa miguu. Wataona milango ya kuchonga kama ya kwenu na watauliza. Jumba la Beit el-Ajaib lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mtaliona kwa nje, upande mmoja uliporomoka Disemba 2020 na mie nilipokwenda kuangalia nililia pale barabarani bila aibu. Forodhani jioni mle urojo, huo hauelezeki, wape tu.

Na sasa jambo zito kidogo. Wapeleke Mkunazini, pale lilipojengwa kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Kuna vyumba vya chini, dari iko chini sana mtu mzima anainama, na nje kuna shimo lenye sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni. Najua kuna familia zinazoruka kituo hicho kwa sababu ya majina yaliyomo kwenye historia ile. Mie nakuomba usiruke. Wa miaka 12 anaelewa, na wa miaka 9 ataelewa kiasi chake, na ukiwaeleza wewe kwa Kiswahili cha bibi yao itakuwa tofauti na kuja kuisoma peke yao ukubwani. Bibi zetu sote wametoka kwenye historia hiyohiyo, wengine huku na wengine kule, na wengine pande zote mbili ndani ya nyumba moja.

Jioni nyingine tafuta taarabu ya asili, si ya spika za harusini. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu mwaka 1905, ulizia kama kuna mazoezi au onyesho siku hizo. Kaa karibu na mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Watoto waangalie vidole. Na ukiguswa na wimbo, unainuka unakwenda kumtunza mwimbaji noti mkononi kwa utaratibu, wape watoto noti ndogo waende wao, hawatasahau.

Dada habari. Rafiki zangu wote wamepiga picha wanaogelea na pomboo Kizimkazi, na mimi nataka, lakini nimesikia si vizuri. Ukweli ni upi? – Msomaji, Arusha

Ukweli nimeuona mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilichukua wageni wangu, boti ya mtu nisiyemtaja, tukatoka alfajiri. Pomboo walikuwa 6 au 7 na mmoja mdogo yuko ubavuni mwa mama yake. Boti zikawa zaidi ya 10. Kila wakiibuka manahodha wanakanyaga injini, watu wanarushwa majini juu ya vichwa vyao, wanazama, wanaibuka kwingine, tunawafuata tena. Yule mdogo alikuwa anaibuka kila baada ya muda mfupi sana, mfupi kuliko wale wengine. Mgeni wangu mmoja akaomba turudi na nahodha akasema umelipia. Sijapanda tena.

Si kwamba usiende Kizimkazi. Tafuta nahodha atakayekubali mambo matatu kabla hujalipa: anazima injini akiwa mbali, haruki mtu majini mbele yao, na zikishakuwepo boti 2 nyingine yeye anaondoka. Wapo vijana wa namna hiyo na wanastahili pesa yako. Mkae mkimya, pomboo wakitaka watakuja wenyewe kuwaangalia. Wasipokuja basi, siku haijaharibika, teremka Dimbani, hapohapo Kizimkazi, uone msikiti wa kale ambao maandishi yake ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 kwa hesabu ya Miladia. Watu wanaswali pale mpaka leo. Jistiri, vua viatu, omba ruhusa, na ukitoka acha chochote kwenye sanduku.

Mimi na mke wangu tunatoka Kigali, tunakuja honimuni. Kuhusu nguo, tumeambiwa vitu tofauti tofauti. Na tunaweza kuwapiga picha wanawake wanaolima mwani? – Bwana Harusi

Hongereni sana! Nguo za kuogelea ni za ufukweni na bwawani tu. Ukitoka kwenye mchanga kuingia kijijini, hata kama ni kununua maji dukani, mkeo afunge kanga mabega na magoti yafunikwe, na wewe vaa fulana, mwanaume kutembea kifua wazi mtaani ni aibu vilevile na watu hawatakwambia, watageuza uso tu. Mkija Ramadhani msile wala kunywa barabarani mchana.

Picha uliza kwanza. Si kwa kuinua simu na kutabasamu, uliza kwa mdomo, Kiswahili mnacho. Salimieni, muulizeni habari za kazi, kisha ombeni. Akikataa amekataa. Akikubali, muulizeni kama ana sabuni au mafuta ya mwani anauza, vikundi vingi vinatengeneza, nunueni kwake mwenyewe.

Mambo dada, mimi mwanafunzi wa chuo Dar, bajeti ni ndogo sana lakini nataka bahari na historia, nisione tu watu wanapost. Kuna kitu? – Bajeti Finyu

Kipo mdogo wangu, na kiko karibu nawe kuliko unavyodhani. Bagamoyo! Ni kama kilomita 70 tu, unapanda daladala asubuhi na unaweza kurudi jioni. Magofu ya Kaole yana msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, unatembea katikati yake huku ukisikia mikoko. Kuna chuo cha sanaa, TaSUBa, pita uulize kama kuna onyesho, ngoma wanazopiga wanafunzi pale jioni zinatoboa kifua. Asubuhi na mapema kaa sokoni ufukweni mashua zikirudi, hiyo ni bure.

Ukijichanga ukavuka Zanzibar, usichukue teksi. Daladala namba 116 inakwenda Nungwi na 309 Jambiani, unakaa na watu, magunia na ndizi, na utaulizwa maswali mengi mpaka ukishuka una mwaliko. Wale vijana wa ufukweni wanaoitwa papasi, jina hilo mie silipendi, wengi wanatafuta riziki tu, ongea nao kwa heshima na kama hutaki sema "ahsante, leo hapana" mara moja na uendelee.

Dada, mume wangu anataka twende Mafia kuogelea na papa. PAPA! Mimi mtu wa Mbeya, bahari yenyewe nimeiona mara 2. Nimkatalie? – Mke wa Jasiri, Mbeya

Usimkatalie mpenzi. Huyo ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote baharini, na chakula chake ni vijidudu na vijimea vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho, anafungua mdomo anachuja maji. Wanakuja karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa cha Mafia, kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, na kwa sababu ni karibu na pwani mara nyingi hamtoki mbali, boti, miwani ya majini, na ule mrija wa kupumulia, hakuna mtungi.

Sasa nikwambie itakavyokuwa, ili usishtuke. Nahodha ataona kivuli, atawaambia mteremke polepole, msiruke. Utaweka uso ndani ya maji na hutaona kitu, ukungu wa kijani tu, maana ile kijani ndo chakula chake. Halafu utaona madoa. Meupe, kwenye mgongo wa rangi ya kijivu, yamejipanga kama mtu ameyachora, na yanapita mbele yako, yanapita, bado yanapita, na mkia hujauona. Mie hapo nilisahau kupumua. Kaa mbali naye mita 3 kutoka ubavuni na zaidi ya hapo kutoka mkiani, usimguse, usimzibie njia, usipige picha ya mwanga. Kama hujui kuogelea vaa jaketi na mwambie mtembezaji kabla hamjatoka, ukiwa bado nchi kavu, usione haya. Hata kukaa kwenye boti na kumwangalia kutoka juu ni kitu kikubwa, watu wengi wa huko bara wanaanza hivyo na siku ya pili wanateremka wenyewe.

Kufika kuna ndege ndogo kutoka Dar au boti kutoka Nyamisati, hiyo ya boti usiipande siku bahari imechafuka kwa kuwa hujaizoea. Fulana ya mikono mirefu uichukue, jua linaunguza mgongo ukiwa unaelea na weusi wetu haukingi hilo kama watu wanavyodhani, na ni bora kuliko kujipaka mafuta ya jua mwili mzima yakaenda kuua matumbawe.

Siku moja waachieni papa mwende Chole, kisiwa kidogo mbele ya Utende. Kuna magofu ambayo mizizi ya miti imeyakumbatia kuta kabisa, huwezi kujua kinachomshikilia mwenzake ni kipi, na kuna mti wa popo wakubwa wanaolala wananing'inia mchana kutwa wakigombana. Kaeni mpaka jua linazama muwaone wakiondoka wote pamoja. Ila kabla hamjashuka kwenye mashua muulizeni nahodha maji yatapwa saa ngapi jioni hiyo, maana yakiwatangulia mtarudi mkitembea kwenye tope na mawe gizani, viatu mkononi.